Mwani uliokufa unavyonasa risasi

Wengi wanaonijia na swali la kutumia mwani kuondoa risasi na metali nyingine zenye sumu majini hudhani tunaupanda ndani ya maji machafu. La. Mwani tunaoutumia umekwisha kufa: umeoshwa, umekaushwa na kusagwa. Bohumil Volesky wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alifanya utafiti wa miaka mingi juu ya jambo hili. Kitu kilichokufa hakidai mwanga wala chakula, na sumu haikidhuru.

Kazi yote hufanyika kwenye ukuta wa seli. Mwani wa kahawia, kama Sargassum na Laminaria, una alginati, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 40 ya uzito wake mkavu. Alginati ni mnyororo mrefu wa sukari wenye vikundi vya kaboksili vyenye chaji hasi. Baharini vikundi hivyo hushika kalsiamu, magnesiamu na sodiamu. Yakipita maji yenye risasi, risasi huing'oa kalsiamu na kukaa mahali pake, kwa kuwa alginati huishika kwa nguvu zaidi. Shaba na kadimiamu nazo hunaswa vizuri. Nikeli na zinki kwa ulegevu. Maabarani, gramu moja ya Sargassum inaweza kunasa miligramu 200 hivi za risasi, kiasi ambacho bado kinanistaajabisha.

Lakini angalia kwanza pH, kipimo cha asidi ya maji: namba ikishuka, asidi huzidi. Ikiwa chini ya 2, haidrojeni hujaza nafasi zote na metali hukosa pa kukaa. Kati ya 4 na 6 ndipo pazuri. Ukiipandisha sana, risasi huganda yenyewe na kutua chini, nawe ukausifu mwani kwa kazi ambayo haukuifanya.

Aseniki ni habari nyingine. Majini kwa kawaida haina chaji chanya, hivyo kaboksili haziivuti. Anayeuza mwani mtupu kama dawa ya metali zote, usimwamini.

Mwani ukishajaa, huoshwa kwa asidi hidrokloriki nyepesi, risasi ikatoka na mwani ukatumika tena. Risasi hiyo sasa imo ndani ya asidi kidogo, nyingi zaidi kwa kila lita kuliko kwenye maji ya mwanzo, na lazima itolewe humo kwa njia nyingine, kwa mfano umeme. Mwani uliochakaa nao ni taka ya sumu: usiumwage shambani kama mbolea, wala usilishe mifugo. Mwani utaoza, risasi haiozi.