Kabla hujaketi kwa mshauri nasaha: maswali ya watu wa mwaloni

Natoa ushauri nasaha wa afya ya akili hapa Mwanza. Wengi wanaonijia ni watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na familia zao, na maswali yao hayapishani sana.

Wewe ni daktari wa vichaa?
Hapana, na neno hilo tuliache, limewazuia wengi kutafuta msaada. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Pale hospitali ya Bugando wapo. Mimi nilisomea saikolojia ya ushauri, nikafanya mazoezi chini ya msimamizi. Yeyote anayejiita mshauri, muulize alisoma wapi. Aliyesoma hachukii swali hilo.

Basi utaniambia cha kufanya?
Mawaidha umeshapewa ya kutosha nyumbani. Chukua mfano wa mama anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe. Mvua imenyesha, mzigo umeoza, naye anajiambia, “Nina mkosi, kila ninachoshika kinaharibika.” Hali chakula vizuri, hataki kuonana na mtu, usiku anakodoa macho mpaka alfajiri. Hali hiyo ikishika wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Simwambii ajikaze. Tunalichukua wazo lake na kulikagua pamoja: dagaa wa jirani walipona mvua ile? Mzigo wa mwezi uliopita aliuuza? Akishaona mwenyewe kwamba mvua haikumchagua yeye, tunakubaliana jambo moja dogo la wiki, labda arudi kwenye kikao cha kikundi chao cha kuweka na kukopa hata kama hana cha kuweka. Akirudi ananieleza ilikuwaje. Njia hii ya kukagua mawazo ilianzishwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyekuwa akitibu watu wenye sonona. Naipenda kwa sababu mtu anaondoka na kitu anachoweza kukitumia hata nisipokuwepo.

Nitakayokueleza hayatafika mtaani?
Hayafiki. Ila ukiniambia unataka kujiua au kumdhuru mtu, sitanyamaza. Nitatafuta msaada pamoja nawe siku hiyohiyo. Kama wazo hilo unalo sasa hivi, usisubiri miadi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akupeleke hospitali iliyo karibu, usiachwe peke yako.

Nikianza mazungumzo, niache dawa?
Usiache. Dawa hupunguzwa na daktari aliyekuandikia.

Ni lini, na mimi nalala ziwani?
Kwa kawaida ni mara moja kwa wiki, chini kidogo ya saa nzima. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza na kulala mchana, kwa hiyo kumpangia saa tatu asubuhi ni kumfukuza. Sema mapema kwamba wewe ni wa dagaa. Tutaanza kwenye siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, na giza likirudi tutaonana jioni kabla hujatoka.