Kony hajahukumiwa: mashtaka 39 mbele ya kiti kitupu

Tangu Novemba 6, 2025 naulizwa swali lile lile: Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA la Uganda, kafungwa miaka mingapi? Hajafungwa hata siku moja. Kilichotokea siku ile ni kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilithibitisha mashtaka 39 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu yanayomkabili, naye mwenyewe hajulikani aliko.

Kuthibitisha mashtaka ni mchujo. Majaji watatu wa chumba cha awali wanapima kama ushahidi wa mwendesha mashtaka unatoa sababu nzito za kuamini kwamba mshukiwa alitenda anayodaiwa. Kumtia hatiani ni habari nyingine kabisa. Hapo sharti ushahidi usiache shaka ya msingi. Wakenya wanaijua tofauti hiyo vizuri: mashtaka ya Ruto na Kenyatta yalithibitishwa Januari 2012, na kesi zote mbili zikafa kabla ya hukumu.

Upya wa jambo hili ni kiti kitupu. Hati ya kumkamata Kony ilitolewa Julai 2005. Kifungu cha 61 cha Mkataba wa Roma, ulioianzisha ICC, kinaruhusu kikao hiki kiendelee bila mshukiwa endapo ametoroka au hapatikani, na kila juhudi ya maana imefanywa kumleta na kumjulisha mashtaka. Mlango huo ICC haikuwahi kuupita mpaka Septemba 2025. Utetezi ulipinga hadi chumba cha rufaa, ukashindwa. Kony aliwekewa wakili ambaye hajawahi kupokea maagizo yoyote kutoka kwa mteja wake. Kazi ngumu hiyo; unamtetea mtu bila kujua angependa kujibu nini.

Lakini mlango unaishia hapo. Kifungu cha 63 kinataka mshtakiwa awepo kesi inaposikilizwa, na mimi naona ni sawa. Mwaka 1946 mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu vigogo wa Wanazi wa Ujerumani, ilimhukumu mmoja wao, Martin Bormann, kunyongwa, kumbe alishakufa Mei 1945. Walikuwa wamemhukumu maiti.

Basi kikao kina faida gani? Wenzangu wengine wanasema ni maonyesho tu. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni mashahidi. Mwaka 2015, kabla kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa Kony, haijaanza kusikilizwa, jaji alichukua mapema ushahidi wa wanawake saba waliotekwa na kulazimishwa kuishi na Ongwen kama wake zake. Ushahidi ule ulikuja kutumika kwenye kesi, na wao hawakulazimika kuanza upya. Kwenye jalada la Kony, mashtaka 10 kati ya 39 yanahusu makosa anayodaiwa kuwatendea wanawake wawili yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mashahidi wanazeeka na wengine wanakufa. Jalada likishapita mchujo, mipaka ya kesi imewekwa. Akikamatwa kesho, hatua hii imeshavukwa. Akifa kabla ya hapo, jalada linafungwa.

Na jalada likifungwa, fidia nayo inakwenda nalo. Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. ICC haiagizi fidia bila mtu kutiwa hatiani. Ongwen alitiwa hatiani Februari 2021 kwa makosa 61, akafungwa miaka 25, na Februari 2024 majaji wakaagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathiriwa wapatao 49,772, ikiwemo euro 750 kwa kila mmoja kama ishara ya kutambua madhara. Mashambulizi aliyotiwa hatiani ni ya kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda: Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Kambi ya Barlonyo, iliyoshambuliwa Februari 21, 2004, haimo. Imo kwenye jalada la Kony.