Unaogopa eksirei, unalala na jiko la mkaa

Julai, baridi ya Arusha inapokaza, jiko la mkaa huhamia chumbani. Katika nyumba hiyohiyo utamkuta mzazi anayeuliza mara tatu kama eksirei ya kifua haitamletea mtoto kansa. Wengi huieleza hofu hiyo kwa sababu moja: mionzi haionekani. Sikubaliani. Gesi ya mkaa nayo haionekani wala hainuki. Kama kutoonekana ndiko kunakotisha, jiko lingelala nje.

Kazi yangu ni ulinzi wa mionzi, kwa hiyo nianze na namba, la sivyo tutabishana hadi kuche. Athari ya mionzi kwa mwili hupimwa kwa siveti. Siveti moja ni kubwa mno, ndiyo maana tunatumia milisiveti, ambazo elfu moja hufanya siveti moja. Binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka bila kukanyaga hospitali: zaidi kidogo ya nusu hutokana na gesi ya radoni inayopanda kutoka ardhini, na iliyobaki hutoka kwenye udongo na miamba, chakula na miale ya anga. Picha moja ya kifua ni milisiveti 0.02 kwa mashine nzuri, hadi 0.1 kwa ile isiyo nzuri. Chukua hiyo mbaya. Ni sawa na siku 15 za kuishi tu, ukilima, ukila mtori, ukilala.

Hatari yake? Hesabu tunayotumia inasema siveti moja huongeza uwezekano wa kufa kwa kansa kwa takriban asilimia 5. Milisiveti 0.1 ni mtu 1 kati ya 200,000. Hapo nimevuta tu mstari ulionyooka kutoka kwenye dozi kubwa, zikiwemo za manusura wa Hiroshima na Nagasaki. Kwenye dozi ndogo namna hii hakuna daktari anayeweza kumnyooshea kidole mgonjwa akasema huyu ni wa eksirei. Na kumbuka kwamba duniani mtu 1 kati ya 5 hupata kansa maishani mwake hata hivyo.

Kinachonishangaza ni kwamba mtu anayeikimbia eksirei ndiye huyohuyo anayeomba siti skani (CT) "ili waone vizuri". Siti skani ya tumbo ni takriban milisiveti 8, yaani picha za kifua 80 za ile mashine mbaya, au 400 za ile nzuri. Ikihitajika, ifanyike bila kusita. Ila isiombwe kama mtu anavyoomba soda kubwa badala ya ndogo. Utrasaundi na emarai (MRI) hazitumii mionzi ya aina hii kabisa.

Dozi ya bure hupotelea kwenye picha zinazorudiwa. Mtoto ametikisika, mkufu haukuvuliwa, vifungo vya chuma vimekaa juu ya pafu, au mgonjwa hakubana pumzi alipoambiwa. Kila kosa ni dozi ya pili. Kama umepigwa picha hospitali ya Mount Meru na umepewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, beba picha na ripoti yake. Mjamzito aseme kabla ya kuingia, hata kama mimba ni ya kuhisi tu. Anayemshika mtoto avae aproni yenye madini ya risasi na asimame pembeni, nje ya mwanga ule unaoonyesha mahali pa kupiga. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 kutoka chanzo, dozi hushuka hadi robo. Baada ya kubonyeza swichi hakuna kinachobaki chumbani, kama ambavyo tochi ikizimwa haiachi mwanga ukutani.

Sasa kwa nini namba hizi haziwatulizi watu? Paul Slovic, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1987 katika jarida la Science kwamba hofu ya umma haifuati hesabu ya vifo. Hufuata zaidi mambo mawili: jambo linatia kitisho kiasi gani, na linajulikana kiasi gani. Naafiki, ila kwetu naongeza la tatu, nalo ni lugha. Neno "mionzi" tumelibebesha kila kitu: bomu, eksirei, mnara wa simu, hata mwanga wa jua. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa kansa akipelekwa hospitali ya Ocean Road tunasema "anapigwa mionzi". Mtu anaunganisha mwenyewe: wanaopigwa mionzi ni wenye kansa, basi mionzi na kansa ni ndugu. Hakuna aliyemwambia kwamba dozi ya siku moja ya tiba, inayolengwa kwenye uvimbe tu, ni zaidi ya mara elfu kumi ya ile ya picha ya kifua. Mawimbi ya mnara nayo hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Athari yake inayopimika ni joto. Na zile programu za simu zinazodai kupima mionzi ya mnara, nyingi husoma usumaku tu. Zifute.

Wafanyabiashara wa mazao wanalijua tatizo hili kwa njia nyingine. Tume ya Nguvu za Atomu ikichukua sampuli ya chakula kwa ajili ya cheti, mnunuzi husema: kama wanapima, basi mionzi ipo. Ndiyo, ipo, kwenye kila chakula. Ndizi moja ina takriban bekereli 15 za potasiamu ya asili yenye mionzi, na mwili wa mtu mzima una kama 4,000 wakati wote. Ukila zaidi, figo hutoa ziada. Kinachotafutwa kwenye sampuli ni kitu kingine, hasa sizi-137, elementi yenye mionzi itokanayo na vinu na mabomu ya nyuklia, ambayo kiwango elekezi cha kimataifa kwa chakula ni bekereli 1,000 kwa kilo. Bekereli huhesabu atomu zinazopasuka kwa sekunde na siveti hupima athari kwa mwili. Magazeti huzichanganya kila mara.

Kama "mionzi" limebeba mengi mno, neno "moshi" limebeba machache mno. Watu huliacha jiko nje mpaka mkaa ukolee, moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo waliingize ndani. Hapo ndipo penye hatari. Makaa mekundu yanayokosa oksijeni ya kutosha huzalisha kaboni monoksaidi, ndiyo ile gesi ya mkaa, bila tone la moshi, na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo kulala kitanda cha juu hakukuokoi. Wote waliomo wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja na kusikia kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, usifikirie malaria kwanza. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Ukimkuta mtu, mtoe nje kabla ya lolote lingine, kisha hospitali kwenye oksijeni: kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hutoka damuni kwa saa 4 hadi 6, kwa oksijeni safi ni saa 1 hadi 1 na nusu. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisikudanganye. Hakiwezi kutofautisha gesi hiyo na oksijeni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa.

Floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huku kwetu, iko kundi hilohilo la vitu vya nyumbani visivyo na jina la kutisha. Meno ya kahawia humtambulisha mtu wa Arusha hata akiwa Tanga, lakini maji yaleyale yanaendelea kuchemshwa kana kwamba kuchemsha huondoa kila kitu. Kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani yenyewe huwa kali zaidi. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza juu yake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno yanayoharibika ni yale yanayoundwa ndani ya ufizi, kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi. Chujio la mifupa iliyochomwa, kazi iliyofanyiwa utafiti pale Ngurdoto, Arusha, hufanya kazi vizuri mifupa isipounguzwa kupita kiasi. Ikiwa myeupe pe, uwezo wake wa kunasa umeshuka.

Je, kuna mionzi ya kuogopa kweli? Ipo, nayo hukaa kwenye vyuma chakavu. Mwaka 1987, Goiânia huko Brazili, waokota chuma walivunja kichwa cha mashine ya tiba iliyotelekezwa; unga wa sizi-137 uliong'aa buluu gizani ukagawanywa kwa majirani na ndugu. Watu 4 walikufa, na 249 walikutwa na uchafuzi. Kwa hiyo mwenye mzani wa vyuma, Arusha au Moshi: ukiletewa kasha dogo lenye uzito usiolingana na umbo lake, au lenye alama ya mapanga matatu kuzunguka duara, usilikate wala usilipige nyundo. Ondoa watu hadi mita 30, zuia njia, piga simu polisi au kwa Tume. Waliolishika wasile, wasivute sigara, wasiende nyumbani na nguo zile. Wakae mahali pamoja, upande upepo unakotoka, mpaka wapimwe.