Kabla hujanunua wufa mpya, tafuta kilichoiua ya zamani

Wateja wengi hufika mezani kwangu wakiwa na jibu mkononi: "Fundi, wufa imeungua, niwekee nyingine." Na kweli wufa, ile spika kubwa ya besi, imeungua. Ila kwenye hizi spika zenye amplifaya ndani, zile unazochomeka kwenye umeme na kuziunganisha na miksa moja kwa moja, wufa ni nadra kufa kwa ugonjwa wake yenyewe. Weka mpya bila kujua kilichotokea, nayo inaweza kuungua kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio.

Transista za mwisho kwenye amplifaya zikipiga shoti, kinachotoka si muziki tena, ni umeme wa DC, usiobadili mwelekeo, unaokwenda moja kwa moja kwenye koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni. Koni inaruka nje au inazama ndani na kubaki hapohapo, koili inachemka, harufu inajaa chumba. Amplifaya zilizotengenezwa vizuri hujikata zikiona hali hiyo. Za bei poa, usizitegemee sana. Ndiyo maana naichomoa wufa kwanza, nawasha, halafu napima DC kati ya waya mbili zilizokuwa zinaingia kwake. Milivolti chache hazina neno. Nikikuta volti 30 au 40, hata duka la wufa siliulizi, tatizo liko kwenye bodi.

Lakini kabla ya yote hayo naangalia fyuzi, maana inaongea. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kama fedha kwa ndani, umeme mwingi ulipita kwa mpigo mmoja: kuna shoti, na fyuzi mpya itakwenda vilevile. Kioo kikiwa safi na kauzi kamekatika tu katikati, huenda ilizeeka au ilizidiwa kidogo. Nyingine nazikuta zimezungushiwa karatasi ya sigara "ili shughuli iishe." Shughuli iliisha, na bodi nayo. Soma herufi pia: T3.15A maana yake fyuzi inayochelewa kidogo kukatika, kwa sababu kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji, zikijaa pale unapowasha huvuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi. Ukiweka ya haraka ya namba ileile, inaweza kukatika bila kosa lolote.

Kuwasha spika iliyokufa natumia globu ya zamani ya wati 100, siyo ya LED, nimeifunga kwa mfululizo kwenye waya wa fezi. Nikiwasha, globu inamulika mara moja kisha inafifia: kapasita zimejaa, naweza kuendelea. Ikiwaka kwa nguvu na kukaa hivyohivyo, kuna shoti, na globu ndiyo imebeba mzigo badala ya vifaa. Baadhi ya pawa saplai hazikubali kuwaka vizuri kupitia globu, zinawaka na kuzima, hiyo isikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni kapasita kubwa za pawa saplai: kwa umeme wa volti 230 zinakaa na DC ya karibu volti 325, na nyingine zinabaki nayo hata ukishachomoa waya. Zitoe chaji kwa rezista, siyo kwa bisibisi. Kama hujui unachokifanya humo ndani, ishia kwenye fyuzi.

Wufa yenyewe haina siri nyingi. Ya omu 8 husoma kama 6 kwenye mita. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma sawa, usiishie hapo. Isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ukisikia inakwaruza, koili ilipata moto ikavimba, na siku zake zinahesabika. Twita, spika ndogo ya sauti za juu iliyo nyuma ya honi, huwa inakata kimya kimya. Sauti inakuwa nzito, kama mtu amefunika spika na blanketi, na mwenye spika anaongeza treble bila kujua anaongezea nini.

Hapo tunafika kwenye taa nyekundu, ile inayowaka sauti ikizidi kiwango. Watu wanaamini limita ya spika, ile sehemu inayozuia sauti isizidi, itawaokoa na kila kitu. Limita inaona tu kinachofika mlangoni kwake. Kama miksa imeshakata vilele vya mawimbi, inapokea uchafu huo na kuukuza, na sehemu kubwa ya uchafu huo ni sauti za juu zinazoangukia twita. Ongeza maiki inayopiga filimbi mbele ya honi, twita haina pa kukimbilia. Besi nayo: imepandishwa kwenye laptop, ikapandishwa kwenye miksa, ikapandishwa tena nyuma ya spika. Ukumbi ukizidi uwezo wa spika mbili, kodi sabufa. Hakuna kitufe kinachoziba pengo hilo.

Spika ikikoroma hata kwa sauti ndogo, angalia swichi ya MIC na LINE kabla ya kuileta kwangu. Miksa iliyochomekwa huku swichi iko kwenye MIC inatoa sauti ya wufa iliyochanika, na matibabu yake ni kidole kimoja.

Umeme ndio muuaji mkubwa wa bodi. Neutro ikilegea kwenye jengo la fezi tatu, soketi ya 230 inaweza kupanda kuelekea 400. Jenereta ikikaribia kuishiwa mafuta, volti zinapanda na kushuka ovyo. Pima soketi kwanza, jenereta ikiwa tayari imebeba taa za ukumbi, ndipo uchomeke. Washa miksa kwanza na spika mwisho. Kuzima, anza na spika. Na waombe watu wa mapambo wasivishe kitambaa sehemu ya nyuma. Najua inapendeza kwenye picha, lakini zile mbavu za chuma ndizo zinazotoa joto la amplifaya. Kwa walio Pwani, msiziweke stoo yenye unyevu bila kuzifunika: chumvi inakula miguu ya vifaa na mende wanapenda bodi yenye joto.

Mwisho, ule mvumo wa "mmmm." Wengi huukomesha kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo unaondoka kweli, na siku waya wa fezi ukigusa chasisi, MC anashika maiki yenye umeme. Chukua umeme wa miksa na spika kutoka soketi moja, tumia kebo za XLR za pini tatu, na mara nyingi mvumo unaisha. Spika ikija kwangu na plagi iliyokatwa ethi, nabadilisha plagi kwanza, ndipo tunaongea bei.