Kuchaji gari la umeme nyumbani: chaja iko wapi, na kisanduku cha ukutani kina kazi gani

Kuchaji nyumbani ni kulijaza gari umeme uleule unaoendesha friji na pasi, polepole, wakati limeegeshwa. Betri ya gari hupokea umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, ilhali soketini hutoka umeme wa AC, unaogeuza mwelekeo kila mara. Kinachougeuza ni chaja, na chaja hiyo imo ndani ya gari tangu kiwandani. Kisanduku kinachofungwa ukutani, ambacho madukani huuzwa kwa jina la chaja, hakigeuzi chochote. Ni swichi inayokagua usalama kwanza, kulitajia gari kiwango cha umeme linachoruhusiwa kuvuta, kisha kufungua njia. Ukilielewa hilo utajua pesa zitangulie wapi: kwenye waya, erthi na vikinga, kabla ya kufikiria ukubwa wa kisanduku.

Ukaguzi huo hufanyika hivi. Mbali na fezi (waya unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na erthi (wa usalama, unaoingia ardhini), kebo ya kuchajia ina waya mwembamba wa mawasiliano. Kisanduku hupeleka volti 12 kwenye waya huo. Ukichomeka gari, volti hushuka hadi 9. Gari likiwa tayari kupokea, hushuka hadi 6, na hapo ndipo unaposikia mlio mfupi wa swichi kubwa ikijifunga na umeme kupita. Waya huohuo hubeba mapigo 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaotaja ampea. Pigo likichukua asilimia 10 ya muda wake, gari linaruhusiwa ampea 6. Likichukua asilimia 50, ampea 30. Kwa hiyo mdomo wa kebo ambao haujachomekwa garini hauna umeme wa njia kuu, na kuchomeka kukiwa na manyunyu hakuna hatari kama vifaa ni vizima.

Kasi ya kuchaji huamuliwa na kilicho kidogo kuliko vyote kati ya laini ya nyumba, kisanduku na chaja ya ndani ya gari. Chukua Nissan Leaf ya betri ya uniti (kilowati-saa) 40, iliyoagizwa Japani ikiwa imetumika. Leaf nyingi za soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 hivi. Ile ya kilowati 6 mnunuzi aliiongeza kwa kutaka. Ukilifungia gari la kilowati 3 kisanduku cha ampea 32, chenye uwezo wa kilowati 7.4, bado litavuta kilowati 3 tu. Kutoka asilimia 20 hadi 80 betri inahitaji uniti 24, na kwa kuwa sehemu hupotea kama joto, mita itasoma kama 27. Kwa kilowati 3 hizo ni saa tisa: uchomeke saa tatu usiku, kumi na mbili asubuhi iwe tayari. Na mwenye kwenda kilomita 50 kwa siku hatumii hata uniti 10. Kwa nyumba nyingi, laini ya ampea 16 inatosha kabisa, na tungeishauri hiyo kabla ya ile ya 32.

Soketi ya kawaida ya pini tatu za bapa je? Inafaa kwa dharura, kwa kebo yenye kisanduku chake kidogo katikati, ikiwekwa ampea 10 au chini. Plagi hiyo imeandikwa 13, lakini kuvuta ampea 13 kwa saa nane mfululizo si sawa na kuchemsha birika kwa dakika nne. Skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, au pini iliyochakaa, hupasha joto. Joto huzidi kulegeza kiungo, na kiungo kilicholegea hupasha zaidi. Dalili ya kwanza ni plastiki kugeuka rangi ya kahawia pembeni mwa tundu la fezi. Ukiiona, acha kuchaji na ubadilishe soketi pamoja na plagi, kwa kuwa kimoja kilichoungua huharibu kipya. Kebo ya ekstensheni usiitumie, hasa ikiwa imezungushwa kwenye rola. Kisanduku cha katikati nacho kiegemezwe ukutani, kisining'inie kwa plagi, maana uzito wake huvuta pini. Kebo zilizokuja na magari ya Japani zisome kibandiko kabla ya kuzichomeka: kwao umeme ni wa volti 100 na 200, kwetu ni 230 au 240.

Laini ya kudumu ianzie kwenye bodi kuu ya breka na isihudumie kitu kingine chochote. Kwa ampea 16, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unatosha kwa umbali mfupi, lakini wa 4 ni bora. Kwa ampea 32, anza na wa 6 na breka ya 40. Waya huo kwa mita 30 hupoteza kama volti 7, na ukipita darini chini ya bati la moto au umbali ukizidi, panda hadi wa 10. Kisanduku kifungwe chini ya upenu, kimo cha mita moja na ushee, na kikinga cha mkupuo wa volti kiwe kwenye bodi, kwa kuwa umeme ukirejea baada ya kukatika mara nyingi huja na kishindo.

Kikinga cha mshtuko, kile mafundi wanachokiita RCD, ndicho kinachokosewa zaidi. Kiwe cha miliampea 30, na kiwe cha laini hiyo peke yake. Kilichojaa madukani ni cha aina ya AC. Chaja ya gari ikipata hitilafu inaweza kuvujisha umeme wa DC, na DC hiyo hukipofusha kikinga cha aina hiyo: kitufe chake kipo, taa zinawaka, lakini mtu akishikwa na umeme hakikati. Kinachotakiwa ni aina ya A pamoja na kisanduku chenye kihisi cha DC cha miliampea 6, au aina ya B kama kisanduku hakina kihisi hicho.

Kisanduku kikikataa kuanza na kuonyesha hitilafu ya erthi, kiamini. Mara nyingi fimbo ya erthi imekatika, imeota kutu au haikuzamishwa vya kutosha. Fundi apime ukinzani wake kwa kipimo cha erthi, na ikibidi azamishe fimbo ya pili. Wapo wanaounganisha nyutro na erthi ndani ya plagi ili kisanduku kinyamaze. Hilo ni kosa la kuua: waya wa nyutro ukikatika, bodi nzima ya gari hubeba umeme. Jenereta ndogo huleta hitilafu hiyohiyo, kwa sababu nyutro yake haijaunganishwa na ardhi.

Hesabu pia mzigo wa nyumba. Hita ya kuogea ya papo hapo huvuta ampea 20 au zaidi. Ukiongeza gari la 32 na pasi, breka kuu ya 60 inakaribia kuanguka. Kuna visanduku vyenye kihisi kwenye waya mkuu, vinavyolipunguzia gari umeme hita inapowashwa.

Bei ya umeme nayo hubadilika. Tanzania, kilomita 1,000 kwa mwezi ni takribani uniti 175, kwa hiyo nyumba ya kundi la D1, la bei nafuu kwa watumiaji wadogo, lenye mwisho wa uniti 75 kwa mwezi, itatoka humo. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa magari Aprili 2023: wakati huo ilikuwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi, nayo ilitaka mita ya peke yake.

Kazi afanye fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA Tanzania au EPRA Kenya. Akimaliza, chaji kwa saa moja kisha gusa uso wa breka na kisanduku: uvuguvugu ni sawa, moto wa kuondoa mkono si sawa. Bonyeza kitufe cha T cha RCD, kikate papo hapo. Baada ya mwezi aitwe tena akaze skrubu, kwa kuwa nyuzi za shaba hulala chini ya skrubu na kiungo kikalegea.