Makadirio ya idadi: pomboo wa mto wanahesabiwaje?

Kaa ukingoni mwa Ruaha Mkuu kule Iringa wakati wa kiangazi, viboko wakiwa wamebanana kwenye vidimbwi vilivyobaki, kisha jaribu kuwahesabu. Utapata 14. Mmoja anazama, wawili wanaibuka, na tayari umechanganyikiwa.

Pomboo wa mto ni mtihani mkubwa zaidi. Kwetu hawapo, wako mito kama Indus, Ganges na Amazon. Kiboko angalau hukaa dimbwini. Pomboo wa Ganges huibuka sekunde moja au mbili, akavuta pumzi, akapotelea kwenye maji ya tope. Ndiyo maana wataalamu husema makadirio: idadi inayokokotolewa kutokana na walioonekana, pamoja na kiasi inachoweza kupungua au kuzidi.

Njia mojawapo ni ya boti mbili. Ya kwanza inatangulia, ya pili inafuata kwa umbali unaompa aliyezama nafasi ya kuibuka tena. Kila boti inaandika saa na mahali, baadaye daftari zinalinganishwa.

Tuchukue namba za mfano. Boti ya kwanza imeona pomboo 40, ya pili 36, na kati yao 24 wameonwa na zote mbili. Kwa hiyo katika wale 36 wa boti ya pili, ya kwanza ilinasa theluthi mbili. Kama huo ndio uwezo wa macho yake, basi 40 wake nao ni theluthi mbili ya wote, na wote ni 60. Kanuni kwa kifupi: 40 mara 36, gawanya kwa 24. Walioonekana hasa ni 52. Wale 8 hakuna aliyewaona, lakini wamo kwenye hesabu! Mimi hapo ndipo huwa napapenda.

Sharti ni kwamba boti zisiambiane. Mtu akipaza sauti redioni "yule pale!", 24 inavimba na jumla inashuka. Hata pomboo waoga, wanaozikwepa boti zote mbili, huishusha. Kwa hiyo wengine huongeza maikrofoni za majini, maana pomboo hutafuta njia kwa mlio.

Kwa India, ripoti ya 2025 ilikadiria pomboo wa mto 6,327. Mto Yangtze, China, ulikaguliwa mwishoni mwa 2006 kwa takriban wiki sita, kwa meli mbili na vyombo vya kunasa sauti. Baiji, pomboo wa mto huo, hakuonekana hata mmoja. Sifuri mara sifuri, gawanya kwa sifuri: hapo kanuni haina jibu.