Zabibu za Afrika Kusini na Wilaya Zinakolimwa

Ukisimama mbele ya rafu ya divai katika supamaketi kubwa ya Nakuru, utakuta chupa nyingi zimetoka Afrika Kusini, na aghalabu jina la zabibu limeandikwa kwa herufi kubwa huku jina la wilaya ilikolimwa likibanwa chini kwa herufi ndogo. Kazi yangu ni kuzichagulia divai hoteli za hapa Nakuru na za Kisumu, pamoja na kuwafunza wahudumu wake namna ya kumweleza mteja kilichomo chupani. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba hayo maandishi madogo yasomwe kwanza, kwa kuwa zabibu ile ile ikilimwa karibu na bahari hutoa divai isiyofanana hata kidogo na ile ya bara penye joto.

Sehemu kubwa ya mizabibu ya nchi hiyo imo katika jimbo la Western Cape, kwenye nyuzi 33 na 34 hivi kusini ya ikweta, ambako mvua nyingi hunyesha wakati wa baridi, mmea ukapukutisha majani na kulala, kisha mavuno yakafanywa kati ya Januari na Aprili. (Mzabibu uliopandwa Naivasha haupati baridi ya kuulaza namna hiyo, kwa hiyo mkulima hutegemea mkasi wa kupogolea kuamua msimu uanze lini.) Kinacholinusuru eneo la pwani na jua kali la kiangazi ni mkondo wa bahari wa Benguela, ambao hupandisha maji baridi kando ya pwani ya magharibi, pamoja na upepo wa kusini-mashariki ambao wenyeji huuita Daktari wa Rasi (Rasi ni hilo eneo la Cape). Upepo huo hukausha majani na kupunguza ukungu, na ubaridi wake huisaidia zabibu kuiva polepole bila kupoteza uchachu wake.

Zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote huko ni Chenin Blanc, zabibu nyeupe ambayo kwa muda mrefu waliiita Steen. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini ina mizabibu mingi zaidi ya aina hiyo kuliko Ufaransa yenyewe. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa zabibu ya kujazia mapipa tu, na sehemu yake kubwa ikaishia katika brandi. Ninapofundisha, huweka glasi mbili mezani. Ya kwanza ni Chenin ya Breedekloof, bonde la bara ambako mashamba hunyweshwa maji na mavuno huwa makubwa: rangi yake imepauka, inanukia tunda la peasi la Ulaya na pengine mapera ya kwetu, na ladha yake hupita upesi. Ya pili imetoka Swartland, kaskazini ya Cape Town, kwenye mizabibu mizee iliyoachwa isimame kama vichaka bila waya wala maji ya mfereji. Hiyo ina rangi ya dhahabu, harufu ya asali na nta, na uzito unaobaki ulimini baada ya kumeza. Mizabibu iliyofikisha umri wa miaka 35 huko hupewa hadhi maalumu, na chupa zake hubandikwa muhuri unaotaja mwaka ilipopandwa. Kwa maoni yangu hakuna divai ya bei ya wastani inayofaa zaidi kwa ngege wa kukaanga wa Kisumu, aliyekamuliwa ndimu na kuletwa na ugali, maana uchachu wake hukata mafuta ya samaki.

Pinotage ni zabibu nyekundu iliyozaliwa Afrika Kusini kwenyewe. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati ule iliitwa Hermitage nchini humo, akapata mbegu nne. Inasimuliwa kwamba alipohama aliiacha miche yake katika bustani ya nyumba ya chuo, ikanusurika kwa bahati pale bustani ilipokuwa ikifyekwa. Mwaka 1959 divai ya Pinotage ilishinda mashindano ya divai changa huko Rasi, na mwaka 1961 ikaanza kuuzwa ikiwa na jina hilo kwenye lebo ya Lanzerac. Lawama dhidi yake zinajulikana: zilizotengenezwa vibaya hunuka ndizi zilizoiva mno, au rangi ya kupaka ukutani, hasa divai ikichachushwa kwa joto la kupita kiasi. Ile nzuri ya Stellenbosch au Paarl hunukia zambarau na moshi kidogo, na mbele ya mbuzi choma mimi huichagua kabla ya Cabernet.

Hata hivyo, zabibu nyekundu iliyotangulia kwa ukubwa wa mashamba ni Cabernet Sauvignon, na makao yake makuu ni Stellenbosch, kwenye miteremko ya Simonsberg na Helderberg yenye udongo uliotokana na graniti iliyomomonyoka. Ukakasi wake ni mwingi ikiwa changa, ndiyo maana wengi huichanganya na Merlot, zabibu nyingine nyekundu. Jioni za Nakuru huiandaa bila shida, lakini katika joto la mchana la Kisumu chupa iliyokaa kaunta hunukia kileo kitupu, kwa hiyo huwaagiza wahudumu waiweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Shiraz, nyekundu nyingine, nayo hustawi Swartland na Paarl.

Wapenda Sauvignon Blanc, ambayo ni zabibu nyeupe, watafute majina ya Constantia, Durbanville na Elgin. Elgin iko juu milimani na ilijulikana kwa matofaa kabla ya divai, na ubaridi huo huo unaoyafaa matofaa ndio unaoipa Sauvignon yake ukali wa majani mabichi. Pinot Noir imepata nafasi yake katika bonde la Hemel-en-Aarde karibu na Hermanus, nayo Chardonnay hupendelea udongo wa chokaa wa Robertson.

Wateja wetu wengi huagiza waini tamu, na sioni sababu ya kuwacheka. Constantia ilisifika Ulaya kwa divai tamu ya zabibu iitwayo Muscat tangu karne ya 18, na Napoleon alikuwa akiletewa alipokuwa kifungoni Saint Helena. Tamu hiyo lakini ni ya zabibu zilizoachwa zikanyauka mtini, tofauti na chupa za bei nafuu ambazo mara nyingi utamu wake umetokana na maji ya zabibu yaliyoongezwa mwishoni.

Tangu mwaka 1973 Afrika Kusini imekuwa na sheria inayolinda majina ya maeneo haya. Jina la zabibu likitajwa, angalau asilimia 85 ya divai lazima iwe ya zabibu hiyo. Jina la wilaya likitajwa, zabibu zote lazima ziwe zimetoka humo. Chupa iliyoandikwa Western Cape pekee inaweza kuwa na mchanganyiko wa zabibu za popote jimboni, na iliyoandikwa Stellenbosch haina ruhusa hiyo, hata kama zote mbili zimepangwa rafu moja na bei zake zimepishana kwa shilingi 200 tu.